Hatimiliki Si Kibali: Mwongozo wa Kupata Vibali vya Matumizi ya Ardhi na Ujenzi katika Kaunti za Mashambani

Mwananchi anayemiliki ardhi mashambani anatakiwa kupata kibali cha serikali ya kaunti kabla ya kujenga, kugawa shamba au kubadilisha matumizi ya ardhi hiyo, hata kama hatimiliki imeandikwa kwa jina lake. Sharti hilo limo katika Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, nayo haitofautishi kati ya mji na kijiji.

Hata hivyo, wananchi wengi wangali wanaamini kwamba vibali vya ujenzi ni jambo la wakazi wa Nairobi, Mombasa na miji mingine mikubwa. Imani hiyo imekuwa na gharama. Mwenye jengo la maduka lililoinuliwa kando ya barabara bila kibali anaweza kuamriwa alibomoe kwa fedha zake mwenyewe. Aliyenunua nusu ekari ya shamba na kulipa bei yote bila idhini ya bodi inayohusika anaweza kujikuta na mkataba usiotambuliwa na sheria. Familia inayotaka kugawana shamba la marehemu baba yao inaweza kugundua kwamba hakuna mwenye mamlaka ya kutia saini ombi lolote.

Makala haya yanaeleza utaratibu huo hatua kwa hatua, pamoja na muda ambao sheria imeuweka kwa mwananchi na kwa ofisi ya umma.

Msingi wa sheria

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda haki ya kumiliki mali katika Kifungu cha 40. Papo hapo, Kifungu cha 66 kinaipa Serikali uwezo wa kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya ulinzi, usalama, utulivu, maadili na afya ya umma, pamoja na upangaji wa matumizi ya ardhi. Maana yake ni kwamba umiliki na matumizi ni mambo mawili: hatimiliki inathibitisha ardhi ni ya nani, ilhali kibali kinaeleza ni jambo gani linaloruhusiwa kufanywa juu yake.

Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi serikali za kaunti, zote 47, jukumu la mipango na maendeleo ya kaunti, yakiwemo upimaji wa ardhi, uchoraji wa ramani, mipaka na nyumba. Kwa sababu hiyo, ombi la kibali hupelekwa katika idara ya ardhi na mipango ya kaunti ambamo ardhi imo, wala si katika wizara jijini Nairobi. Anayetoa kibali kisheria ni Mjumbe wa Kamati Tendaji ya Kaunti anayesimamia mipango, ambaye wananchi wengi humwita waziri wa kaunti. Tume ya Taifa ya Ardhi, kwa upande wake, ina wajibu wa kufuatilia upangaji wa matumizi ya ardhi nchini kote.

Shughuli zinazohitaji kibali

Sheria ya 2019 inalitafsiri neno uendelezaji kuwa ni kufanya kazi yoyote ya ujenzi juu ya ardhi, au kubadilisha kwa kiasi kikubwa matumizi ya ardhi au ya jengo. Kwa mkazi wa mashambani, shughuli zinazojitokeza mara nyingi ni hizi:

1. Kujenga nyumba ya makazi, maduka, bohari, shule, zahanati au nyumba ya ibada.
2. Kugawa shamba katika vipande viwili au zaidi, au kuunganisha vipande vilivyopakana.
3. Kubadilisha matumizi, kwa mfano kutoka kilimo kwenda makazi, biashara au viwanda.
4. Kupanua matumizi, kama vile kuongeza duka katika kiwanja cha makazi.

Kifungu cha 57 cha Sheria kinakataza mtu yeyote kuendeleza ardhi katika kaunti bila kibali. Anayekiuka na kupatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au kupewa adhabu zote mbili. Zaidi ya hayo, anaweza kutakiwa kuirejesha ardhi katika hali yake ya awali ndani ya siku 90. Asipofanya hivyo, kaunti inaweza kuifanya kazi hiyo na kumdai gharama.

Hatua ya kwanza: kuthibitisha umiliki

Kabla ya kumlipa mchoraji wa ramani, mwananchi anashauriwa kufanya upekuzi rasmi katika masijala ya ardhi. Upekuzi huonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, ukubwa wa ardhi, na vizuizi kama vile rehani ya benki, zuio la mtu anayedai haki fulani, au amri ya mahakama. Katika maeneo ambako rekodi zimehamishiwa katika mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa mwezi Aprili mwaka 2021, huduma hiyo hupatikana kwa njia ya mtandao. Kwingineko, mwananchi huenda katika masijala inayohifadhi rekodi za eneo lake.

Kikwazo kikubwa mashambani ni hatimiliki zilizobaki katika majina ya waliofariki. Mtoto anayelima na kuishi katika shamba la marehemu babu yake, hata kwa miaka 30, hawezi kuomba kibali kana kwamba ndiye mmiliki. Familia hupaswa kwanza kufungua kesi ya mirathi chini ya Sheria ya Urithi, kupata msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kisha uthibitisho wa namna mali itakavyogawanywa. Hatua hii ikirukwa, hatua zote zinazofuata huporomoka.

Ni vyema vilevile kukumbuka haki ya mwenzi wa ndoa. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 hairuhusu mali ya ndoa kuuzwa, kuwekwa rehani au kuhamishwa kwa njia nyingine bila ridhaa ya wanandoa wote wawili.

Idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi

Kwa ardhi ya kilimo iliyo katika maeneo ya udhibiti, kibali cha kaunti pekee hakitoshi iwapo ardhi inauzwa, inahamishwa, inakodishwa, inawekwa rehani au inagawanywa. Miamala hiyo inahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302. Ratiba ya vikao vya bodi hupatikana katika ofisi ya naibu kamishna wa kaunti ya eneo husika.

Ombi la idhini linatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba kufanywa, ingawa mahakama inaweza kuongeza muda huo ikiona sababu ya kutosha. Mwamala usiopata idhini huwa batili kwa mujibu wa Sheria hiyo. Fedha zilizokwisha kulipwa zinaweza kudaiwa zirudishwe kama deni, lakini mnunuzi hapati ardhi. Kwa hiyo si busara kuanza kuchimba msingi katika kipande kilichonunuliwa kwa makubaliano ya mdomo, au kwa karatasi iliyotiwa saini mbele ya mashahidi tu.

Katika kugawa shamba, utaratibu wa kawaida ni huu: mpangaji au mpima ardhi huandaa mchoro wa mgawanyo, mchoro hupelekwa kaunti ili uidhinishwe, bodi hutoa idhini, mpima ardhi aliyeidhinishwa huweka alama za mipaka na kujaza fomu za mgawanyo, ramani ya usajili hurekebishwa, na hatimaye hatimiliki mpya hutolewa. Kila kipande kipya kinatakiwa kuwa na njia ya kukifikia. Mgawanyo unaokiacha kipande cha nyuma bila njia ndio chanzo cha ugomvi mwingi baina ya ndugu na majirani.

Mipaka ambayo hatimiliki haiionyeshi

Ardhi inaweza kuwa ya mtu kwa ukamilifu na bado ikawa na sehemu isiyoruhusiwa kujengwa. Wapo wengi waliopoteza nyumba kwa kutolijua jambo hili.

Ya kwanza ni ukingo wa mto. Kanuni za maji na za mazingira zimeweka ukanda wa hifadhi usiopungua mita 6 na unaofika hadi mita 30 kila upande, kutegemea upana wa mto, ukipimwa kuanzia mahali maji yalipowahi kufika wakati wa mafuriko. Kijito kinachokauka wakati wa kiangazi nacho kinahesabiwa.

Ya pili ni hifadhi ya barabara. Barabara nyembamba ya murramu huenda imetengewa eneo pana zaidi kwa ajili ya upanuzi wa baadaye. Mamlaka ya Barabara za Mashambani ya Kenya (KeRRA) husimamia barabara nyingi za vijijini, Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu (KeNHA) husimamia barabara kuu, na nyingine ziko chini ya kaunti. Mwananchi aombe kuonyeshwa mpaka wa hifadhi hiyo kabla ya kuweka jiwe la msingi.

Ya tatu ni njia za nyaya za umeme wa nguvu nyingi, mabomba ya maji na mabomba ya mafuta. Chini au juu ya njia hizo ujenzi hauruhusiwi, hata kama mwenye ardhi bado analima hapo.

Kuandaa ombi

Sheria inataka ombi lifanywe kwa fomu maalumu, liambatane na michoro na maelezo yanayotakiwa, na ada ilipwe. Hati zinazodaiwa kwa kawaida ni nakala ya hatimiliki, matokeo ya upekuzi wa karibuni, nakala ya kitambulisho, nambari ya mlipakodi, ramani ya eneo, michoro ya jengo na, pale inapohitajika, michoro ya uimara wa jengo. Mwombaji asiye mmiliki huambatisha ridhaa ya mmiliki kwa maandishi.

Michoro inatakiwa kuandaliwa na wataalamu waliosajiliwa. Msanifu majengo husajiliwa chini ya Sheria ya Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Ujenzi, Sura ya 525. Mhandisi chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011. Na mpangaji chini ya Sheria ya Usajili wa Wapangaji ya mwaka 1996. Mwananchi ana haki ya kudai nambari ya usajili wa mtaalamu na kuihakiki katika bodi yake. Mchoro uliopigwa muhuri wa mtaalamu asiyehusika kwa kweli na kazi hiyo humrudisha mwombaji nyuma, na jengo likianguka humwacha bila wa kumwajibisha.

Viwango vya ada hutofautiana kati ya kaunti moja na nyingine, kwa kuwa hupangwa katika sheria ya fedha ya kila kaunti. Mwananchi aulize kiwango kilichochapishwa, alipe kupitia njia rasmi ya kaunti, na ahifadhi stakabadhi. Malipo yoyote yasiyokuwa na stakabadhi hayatambuliwi kuwa ada ya kibali.

Siku zinazohesabiwa

Sheria ya 2019 imeweka muda maalumu, na mwananchi anayeufahamu hatahitaji kuzunguka ofisini bila kujua lini atajibiwa.

Ombi likishapokelewa, kaunti ina siku 7 za kutuma nakala kwa idara na mamlaka zinazohusika, kama vile zile za afya ya umma, maji, barabara na mazingira. Mamlaka hizo zina siku 14 za kutoa maoni. Baada ya hapo, Mjumbe wa Kamati Tendaji hutoa uamuzi kwa kuzingatia mpango wa matumizi ya ardhi ulioidhinishwa, afya na usalama wa umma, mazingira, na maoni yaliyotolewa. Anaweza kukubali, kukubali kwa masharti, au kukataa na kueleza sababu kwa maandishi.

Kifungu cha 58 kinaeleza kwamba mwombaji asiyepata jibu la maandishi ndani ya siku 60 atahesabiwa kuwa amepewa kibali. Kinga hii ni muhimu, lakini ina mipaka. Haimwondolei mtu wajibu wa kufuata sheria nyingine, wala haihalalishi jengo lililo katika hifadhi ya barabara au ukingo wa mto. Pia haina faida kwa asiyeweza kuthibitisha tarehe aliyowasilisha ombi kamili. Kwa hiyo nakala ya ombi iliyogongwa muhuri wa tarehe ya kupokelewa ni hati ya kutunzwa kama hatimiliki yenyewe.

Kibali nacho kina ukomo. Ujenzi usipoanza ndani ya miaka 3, kibali hupoteza nguvu.

Mabadiliko ya matumizi na sauti ya majirani

Sheria inamtaka mwombaji kuutangazia umma mradi anaokusudia na kuwakaribisha wenye pingamizi kuliwasilisha kwa kaunti. Kwa mabadiliko ya matumizi, tangazo hufanywa kwa kawaida magazetini na kwa ubao unaowekwa penye ardhi yenyewe, mahali ambapo wapita njia wanaweza kuusoma.

Tangazo hilo linawahusu majirani kama linavyomhusu mwombaji. Wanakijiji wanaosikia kwamba shamba la jirani linageuzwa kuwa machimbo ya mawe au kituo cha mafuta wana haki ya kuandika pingamizi lenye sababu: vumbi, kelele, hatari kwa kisima, au kuharibika kwa njia. Pingamizi lililoandikwa na kupokelewa kwa wakati huzingatiwa kabla ya uamuzi. Malalamiko yanayotolewa baada ya ukuta kusimama huwa magumu zaidi kutatuliwa.

Idhini nyingine zinazoambatana

Baadhi ya miradi inahitaji leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999. Miongoni mwa miradi hiyo ni machimbo, vituo vya mafuta, hoteli na vichinjio. Kiasi cha uchunguzi unaotakiwa hutegemea ukubwa wa athari zinazotarajiwa, na leseni hupatikana kabla ya kazi kuanza.

Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, husajili wakandarasi na miradi ya ujenzi. Mwenye jengo ahakikishe kwamba mkandarasi wake amesajiliwa katika daraja linalolingana na kazi. Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024, zilizochukua nafasi ya zile za mwaka 1968, ndizo zinazoongoza ubora wa majengo.

Afisa wa afya ya umma huangalia hewa na mwanga wa vyumba, maji, na umbali kati ya choo cha shimo na kisima. Wakati wa ujenzi, maafisa hukagua hatua muhimu kama vile msingi kabla haujafunikwa. Jengo likikamilika, mwenyewe huomba cheti cha kuruhusu likaliwe.

Ombi likikataliwa

Uamuzi wa kukataa si mwisho. Kifungu cha 61 kinampa mwombaji, pamoja na mtu mwingine aliyeathiriwa, haki ya kukata rufaa ndani ya siku 14 katika Kamati ya Uhusiano ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya Kaunti. Kamati hiyo inatakiwa kusikiliza na kuamua rufaa ndani ya siku 14. Asiyeridhika huelekea Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Mara nyingi sababu ya kukataliwa huwa inaweza kurekebishwa, kwa mfano mchoro usioonyesha njia ya maji ya mvua au jengo lililosogea mno mpakani. Katika hali hiyo, kurekebisha na kuwasilisha upya huweza kuchukua muda mfupi kuliko rufaa.

Aliyekwisha kujenga bila kibali

Kaunti inapobaini ujenzi usio na kibali au unaokiuka masharti, hutoa notisi ya utekelezaji chini ya Kifungu cha 72. Notisi hutaja kosa, hatua zinazotakiwa na muda wa kuzitekeleza. Aliyepewa notisi ana siku 14 za kukata rufaa katika Kamati ya Uhusiano. Kuipuuza notisi na kuongeza kasi ya ujenzi, kwa matumaini kwamba jengo lililokamilika halitaguswa, huongeza hasara. Jambo la busara ni kusimamisha kazi, kufika katika ofisi ya mipango akiwa na hati zote, na kuuliza iwapo jengo linaweza kurekebishwa ili lilingane na masharti.

Ardhi ya jamii

Katika kaunti kama Turkana, Samburu, Marsabit na Tana River, sehemu kubwa ya ardhi ni ya jamii. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, mkataba wa uwekezaji katika ardhi iliyosajiliwa unahitaji kuidhinishwa na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Ardhi ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii. Saini ya mzee mmoja au ya viongozi wachache haitoshi kuruhusu mradi, na kibali cha ujenzi hakichukui nafasi ya ridhaa ya jamii.

Muhtasari kwa mwananchi

Kabla ya kuanza ujenzi au mgawanyo wowote, mwananchi anashauriwa kujiuliza mambo matano: Je, hatimiliki ni ya aliye hai na hakuna kizuizi? Je, mwamala umepata idhini ya bodi? Je, mipaka ya mto, barabara na nyaya inajulikana? Je, michoro ni ya mtaalamu aliyesajiliwa? Je, ninayo nakala ya ombi yenye muhuri na tarehe?

Maswali yote yanayohusu maombi hupelekwa katika idara ya ardhi na mipango ya kaunti au ofisi zake katika kaunti ndogo. Ziara moja katika ofisi hiyo kabla ya kununua saruji hugharimu nauli tu. Ziara inayofanywa baada ya kupokea notisi huweza kugharimu nyumba nzima.